Kidonge Kilichofungwa kwa Karatasi ya Daftari

Juma hili nataka tuzungumze habari za shule, lakini si ada, si mitihani, wala si michango ya madawati. Nataka tuzungumze juu ya afya ya mtoto pale anapotoka mikononi mwa mama yake asubuhi na kuingia mikononi mwa mwalimu.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Asubuhi moja nilimsindikiza mwanangu wa mwisho shuleni. Langoni nikamkuta mama mmoja amemsimamisha mwalimu wa zamu.

"Habari za asubuhi, mwalimu."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Samahani, naomba umsaidie mwanangu. Usiku aliamka na homa. Ikifika saa sita umpe hiki."

Akamkabidhi kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara nne. Mwalimu alipokifunua, ndani mlikuwa na kidonge kimoja cheupe na kingine nusu. Karatasi haikuwa na jina la dawa wala jina la mtoto. Mwalimu akaikunja tena, akaitia mfukoni mwa shati pamoja na chaki, akaenda zake kupanga mistari ya wanafunzi.

Njia nzima nilipokuwa nikirudi nilijiuliza. Je, saa sita ikifika, mwalimu huyu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni atakumbuka? Akikumbuka, atamkumbuka mtoto yupi? Na iwapo mtoto atavimba uso baada ya kumeza, akakimbizwa hospitali, daktari akauliza amekunywa dawa gani, mwalimu atajibu nini? Atasema ni kidonge cheupe? Vidonge vyeupe ni vingi kama mchanga wa pwani.

Mama yule si mzembe, maana mzembe asingekumbuka dawa. Na mwalimu yule si mtu mbaya, maana mtu mbaya angekataa. Kosa ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na nusu ya habari. Mzazi anajua mtoto ana maradhi gani, amechanjwa nini, na usiku amelalaje. Mwalimu anajua kinachompata mtoto huyo kutwa nzima. Kanuni za afya shuleni, tukiziangalia kwa makini, kazi yake ni moja tu: kuziunganisha nusu hizo mbili. Zisipounganishwa, anayeumia ni mtoto. Hebu tuliangalie suala hili katika sehemu tatu: dawa, chanjo na ugonjwa wenyewe.

Tuanze na dawa. Kanuni ya kwanza ni kwamba mwalimu si mganga. Asimpe mtoto dawa yoyote bila maelezo ya maandishi kutoka kwa mzazi au kwa daktari. Najua wapo watakaosema, "Hata panado?" Naam, hata panado. Dawa hiyo ni salama ikitumiwa kwa kipimo chake, lakini ikizidi huharibu ini. Mtoto aliyepewa panado nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, akapewa nyingine shuleni saa mbili na nusu kwa sababu mwalimu hakujua, kisha akapewa ya tatu na shangazi yake saa sita, amekwisha kuvuka mpaka. Hali kadhalika aspirini. Mtoto mwenye tetekuwanga au mafua makali hapaswi kupewa aspirini, kwani inaweza kumsababishia ugonjwa usiotokea mara nyingi lakini wa hatari, unaoshambulia ini na ubongo.

Basi dawa ikilazimika kwenda shuleni, iende ikiwa ndani ya pakiti yake au ndani ya kibahasha ilichotoka nacho dukani. Juu yake paandikwe jina la mtoto, jina la dawa, kiasi cha kumpa, saa ya kumpa, na siku ya mwisho ya kumpa. Mzazi aweke sahihi yake na namba ya simu. Kule shuleni itunzwe kabatini, na mwalimu anayeitoa aandike kwenye daftari: nani kapewa, nini, saa ngapi. Kazi hiyo haichukui dakika mbili.

Lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi hatuulizi dirishani tunapochukua dawa: je, ni lazima dawa hii iende shuleni? Mara nyingi jibu ni hapana. Chukua mfano wa dawa ya malaria ya mseto. Mtoto akishapimwa na kukutwa na malaria, humeza dozi sita kwa siku tatu. Akimeza ya kwanza saa moja asubuhi, ya pili ni baada ya saa nane, yaani saa tisa alasiri. Siku mbili zinazofuata ni asubuhi na jioni tu, baada ya chakula. Siku ya kwanza mtoto hapaswi kuwa shuleni hata kidogo, na siku mbili za mwisho dawa anaipata nyumbani. Hata zile za kutwa mara tatu, nyingi zinaweza kutolewa alfajiri, anaporudi kutoka shule, na kabla ya kulala. Muulize mfamasia. Hatoi siri, na wala hatozi fedha kwa swali.

Sasa, kila kanuni ina mahali pake pa kulegezwa. Rafiki yangu mmoja ana binti mwenye pumu. Shule aliyosoma, ambayo sitaitaja, ilikuwa na amri kwamba dawa zote zikae kabatini ofisini kwa mkuu wa shule. Amri nzuri. Siku moja wakati wa mchakamchaka binti akabanwa na kifua. Walimu wakakimbilia kabatini. Limefungwa! Mkuu alikuwa amekwenda mkutanoni, na funguo zi mfukoni mwake. Mlinzi akavunja kufuli kwa nondo, na Mungu saidia, binti akapata pampu yake, akavuta dawa, akatulia. Leo ni mwanamke mwenye watoto. Lakini rafiki yangu huniambia kwamba mpaka kesho akisikia mlio wa chuma kikigongwa, moyo humwenda mbio.

Pampu ya pumu si ya kufungiwa. Ile ya kufungua kifua hufanya kazi kwa dakika chache, na dakika hizo ndizo anazozihitaji mgonjwa. Mtoto aliyefundishwa kuitumia akae nayo mwenyewe, na mwalimu wake ajue kwamba anayo. Vivyo hivyo mtoto wa kisukari anayetumia insulini: lazima mwalimu ajue kwamba mtoto huyo akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, anahitaji kitu chenye sukari papo hapo, si viboko kwa kosa la kutosikiliza darasani.

Wapo pia watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wanaufahamu kwa jina la siko seli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa aina hiyo duniani, na inakadiriwa kwamba takriban 11,000 huzaliwa nao kila mwaka. Mtoto huyu anatakiwa kunywa maji mara kwa mara, asipigwe na baridi, na asikimbizwe mpaka achoke kabisa. Mwalimu wa michezo asiyejua hayo anaweza kumsababishia maumivu makali ya mifupa yatakayomlaza wodini, huku yeye akidhani anamfundisha ukakamavu.

Na kifafa je? Hapa ndipo ujinga wetu unapoua. Mtoto akianguka, wenzake hukimbia eti povu lake linaambukiza. Si kweli. Kifafa hakiambukizi kwa povu, wala kwa mate, wala kwa chochote. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimshike kwa nguvu, na kamwe usimtie kijiko mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, mkimbize hospitali. Mwalimu hahitaji diploma ya uuguzi kuyajua hayo. Anahitaji mzazi atakayemwambia mapema, "Mwalimu, mwanangu ana kifafa, na dawa yake humeza asubuhi na jioni."

Lakini wazazi tunaficha. Tunaogopa mtoto atachekwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuka si mfichaji bali mtoto. Hata hivyo, haki ya mzazi ya kuogopa naielewa, kwa sababu zipo shule ambazo siri ya mtoto ikifika ofisini, jioni iko sokoni. Mtoto anayeishi na virusi vya UKIMWI, hasa aliye bweni, anahitaji matroni anayejua ili asikose dozi yake, lakini si bweni zima. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumnyanyapaa na kumbagua mtu wa namna hiyo. Mwalimu anayeambiwa siri ya mtoto, naye aitunze kama anavyotunza mitihani ya taifa.

Hadi hapa nimezungumzia dawa inayotoka nyumbani kwenda shuleni. Ipo pia dawa inayotolewa na shule yenyewe, na hapo habari hupaswa kusafiri kwa upande wa pili, kutoka kwa mwalimu kwenda kwa mzazi. Kilichotokea Morogoro mwaka 2008 ni somo tosha.

Mwaka huo, katika shule za msingi za mkoa ule, watoto walipewa dawa za kichocho na minyoo. Dawa zenyewe ni nzuri. Kichocho humfanya mtoto akojoe damu, kikamla taratibu kibofu au ini, na vidonge vya praziquantel vimekitibu kwa miaka mingi duniani kote. Kwa kuwa shule hazina mizani, mtoto hupimwa urefu kwa fimbo yenye alama, na alama hiyo humwonyesha mwalimu idadi ya vidonge. Lakini dawa hiyo ina tabia yake: akinywa mtu mwenye njaa, au mwenye vijidudu vingi mwilini, anaweza kuumwa tumbo, kupata kizunguzungu na kutapika. Hali hiyo kwa kawaida hupita baada ya saa chache. Ndiyo maana inatakiwa inywewe baada ya chakula.

Wazazi wengi hawakuwa wameelezwa hayo. Watoto walipoanza kutapika, uvumi ukaenea kwamba watoto wanakufa mashuleni. Wazazi wakavamia shule, walimu wakajikuta wakishambuliwa, polisi wakaitwa, na zoezi likasimamishwa. Wachunguzi waliofuatilia kisa kile baadaye walionyesha jinsi ukosefu wa maelezo ya kutosha ulivyochangia vurugu zile.

Nawauliza, ni nani wa kulaumiwa? Mzazi anayekimbia kumwokoa mwanawe? Mwalimu aliyetumwa kugawa vidonge? Mimi nasema kilichokosekana ni barua moja ya mistari mitano, iliyofika nyumbani juma moja kabla: dawa hii ni ya ugonjwa huu, itatolewa siku fulani, mtoto anywe uji kwanza, anaweza kutapika kidogo, msiogope. Pale ambapo karatasi haikufika, uvumi ulifika.

Tuje kwenye sehemu ya pili, chanjo. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza hapa nchini mwaka 1975. Leo mtoto akizaliwa hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Kisha katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hupata kinga dhidi ya dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na mengineyo. Ya surua na rubela hupata mara mbili, akiwa na miezi 9 na miezi 18. Hii ya pili ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu mama amerudi kazini, mtoto anatembea, na kliniki inaonekana imekwisha.

Haijakwisha. Katika kila watoto 100 waliopata dozi moja tu wakiwa na miezi 9, wapatao 15 hubaki bila kinga ya kutosha. Na surua si ya mchezo. Mgonjwa mmoja akikaa na watu kumi wasio na kinga, karibu tisa wataipata. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Fikiria darasa la kwanza, watoto watatu kwa dawati moja, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua.

Nilipowaandikisha wanangu shule niliombwa cheti cha kuzaliwa na picha. Kadi ya kliniki hakuna aliyeiulizia. Ndugu zetu waliohamia Marekani wanasimulia kinyume chake: huko majimbo yote 50 yana sheria zinazodai uthibitisho wa chanjo mtoto anapoanza shule. Hapa kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inataja matibabu na chanjo miongoni mwa haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Basi sheria ipo, kadi ipo ndani ya sanduku chini ya kitanda. Kilichobaki ni mwalimu wa darasa la kwanza kusema, "Mama, naomba nione na kadi ya kliniki," si kwa ajili ya kumfukuza mtoto, la hasha, bali kumwelekeza mzazi kituo cha afya akakamilishe palipobaki wazi.

Na kwa wasichana, shule yenyewe imekuwa kliniki. Tangu mwaka 2018 wasichana wanapewa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Walianza wa miaka 14 kwa dozi mbili, na mwaka 2024 ikapanuliwa kuwafikia wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja tu. Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi nchini. Lakini uvumi nao haukosi, eti chanjo inaondoa uzazi. Si kweli. Inamkinga msichana dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani hiyo, na kizazi chake hakiguswi. Ila mzazi asiyeambiwa mapema, akamwona binti yake karudi na bega linauma, unategemea aseme nini? Tunarudi palepale Morogoro.

Sehemu ya tatu ni ugonjwa wenyewe: lini mtoto abaki nyumbani, na lini arudi? Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea jijini Dar es Salaam, tuliona watoto wakienda shule macho yamevimba kama nyanya, na baada ya siku chache darasa zima linatoa machozi. Mwenye macho mekundu abaki nyumbani hadi yaache kutoa tongotongo na majimaji, anawe mikono, na asichangie taulo. Mwenye surua akae siku 4 tangu vipele vitokee. Mwenye matubwitubwi akae siku 5 tangu shavu livimbe. Mwenye tetekuwanga asubiri malengelenge yote yakauke yawe magamba. Anayeharisha au kutapika asubiri siku 2 baada ya kuacha. Mwenye homa arudi akikaa siku nzima bila homa, na bila kusaidiwa na panado. Mwenye kifua kikuu cha kuambukiza kwa kawaida hukaa majuma mawili ya mwanzo ya dawa, hadi daktari aseme arudi. Lakini mwenye pumu, selimundu, kifafa au virusi vya UKIMWI asirudishwe nyumbani kwa hofu ya kuambukiza wenzake darasani.

Najua jibu la mama wa mjini. "Mwandishi, mimi nauza genge, nisipofungua leo hatuli. Mtoto mgonjwa nimwache na nani?" Swali hilo ni zito, na wala simlaumu anayeuliza. Lakini hebu tupige hesabu pamoja. Siku mbili za mtoto mmoja kulala kwa bibi au kwa jirani, ukilinganisha na juma zima la mama ishirini kukosa genge kwa sababu watoto wao wameambukizwa, ipi ni hasara kubwa? Na walimu nao watusaidie. Mtoto aliyeugua akirudi na barua ya mzazi, asiadhibiwe kwa utoro. Tukimchapa mtoto kwa kuumwa, tunamfundisha mama yake kumleta akiwa mgonjwa.

Kwa hiyo ninachopendekeza si jambo la mamilioni. Kila mwanzo wa mwaka mwalimu wa darasa ampe mzazi karatasi moja. Mzazi ajaze: mwanangu ana maradhi haya, anatumia dawa hii, dawa fulani inamdhuru, chanjo zake zimefikia hapa, na likitokea jambo mpigie huyu. Karatasi hiyo itunzwe na mwalimu na isomwe na wanaohusika tu. Shule isiyokuwa na karatasi ya kuchapa, mzazi akate ukurasa wa daftari aandike kwa mkono.

Maana ukurasa wa daftari kumbe tunao. Mama yule wa langoni alikuwa nao mkononi, amefungia kidonge. Alichokosa ni kalamu tu.